Mtungi Mmoja wa Maji ya Sericho

Vijana wa kikundi,

Mliniomba kurasa chache kuhusu mafanikio ya kikundi chetu cha utafiti chuoni, mkaniachia na picha ya kuweka juu ya maneno yangu. Ni ile ya pipa la bluu la Sericho siku ya kufunguliwa, likiwa na utepe mwekundu, na Daktari Mwende akicheka katikati ya wanawake. Picha hiyo naijua. Ule mkono unaoshika mwisho wa utepe, mkono usio na mwenyewe kwa sababu mpiga picha alimwacha nje, ni wangu. Nimekaa na karatasi hizi wiki tatu nikiutazama.

Mafanikio yapo, na sitaki mfikiri hayapo. Tulichukua tope la kichinjio cha mjini Isiolo, ambalo watu walikuwa wakilipita wakiwa wameziba pua, tukatoa gesi iliyochemsha chai ya walinzi. Walinzi walikataa kuinywa miezi miwili. Kule Oldonyiro tulijenga ukuta ndani ya lagha, mto unaopita wakati wa mvua tu, ili mchanga ujae nyuma yake na maji yalale ndani ya mchanga, jua lisiyafikie. Mvua ya kwanza iliuzunguka ukuta upande mmoja ikaenda zake, na mzee mmoja mfugaji akatuuliza kwa heshima zote kama tulikuwa tumeijulisha lagha kwamba kuna ukuta. Tuliurefusha. Mpaka leo ng'ombe wanakunywa pale wakati kwingine kumekauka.

Na kulikuwa na makaa ya mifupa, ambayo ndiyo mliyotaka niandike.

Kwa wale wageni: maji ya visima vingi vya huku ni maangavu na hayana ladha mbaya, lakini yamebeba floridi. Huioni wala huionji. Ukiyachemsha unaikoleza tu. Kwa mtoto mdogo huingia kwenye meno yangali ndani ya ufizi, na miaka kadhaa baadaye meno ya ukubwani yanachomoza yakiwa ya kahawia, na hakuna mswaki wa kuyasafisha. Mifupa iliyochomwa vizuri na kusagwa huikamata floridi maji yanapopita. Daktari Mwende, mkuu wetu wa wakati ule, Mkamba wa maneno machache, alijua kila kitu kuhusu mifupa hiyo isipokuwa swali aliloulizwa siku ya kwanza Sericho.

"Mifupa ya mnyama gani," wazee waliuliza, "na amechinjwa na nani?"

Daktari alinitazama. Mimi ni Mturkana wa Isiolo mjini, Mkristo, nimekua na Waborana, Waislamu kama hawa wa Sericho, tangu utoto, na swali hilo nilipaswa kuliona likija kutoka mbali. Sikuliona. Ikabidi wazee wawili wapande lori, siku nzima ya vumbi, waje wasimame nami kichinjioni wakikagua mfupa mmoja mmoja.

"Hii ni ya ngamia. Hii ya ng'ombe. Hii ya mbuzi. Na hii?"

"Hiyo ni mpini wa jembe, mzee."

"Toa. Haikuchinjwa."

Tanuru letu lilinuka hivi kwamba mke wangu alinipokea mlangoni na ndoo na sabuni kwa mwaka mzima, na majirani wakadhani nimeacha kazi ya chuo nikaingia kazi nyingine ambayo hawakutaka kuitaja. Lakini makaa yalitoka. Tuliyasaga yakawa kama punje za mchele, tukajaza pipa la bluu, tukaliinua juu ya matofali kando ya kisima cha Sericho. Maji yaliingia juu polepole, yakatoka chini kwa bomba moja jembamba.

Sasa sikilizeni kitu kimoja kuhusu makaa haya, hata mkisahau mengine yote. Hushiba. Yakishashiba hayakwambii. Maji yanaendelea kutoka vilevile, safi na baridi, na floridi imo ndani kana kwamba pipa halipo. Ndiyo maana lazima mtu aende kila mwezi, achukue chupa ya maji yasiyochujwa na chupa ya yaliyochujwa, azilete maabara. Siku ile chupa ya pili inapoanza kupanda, makaa yanabadilishwa.

Mtu huyo nilikuwa mimi.

Aliyenifundisha kazi ya chupa ni Mzee Barasa, fundi wa maabara aliyenitangulia, Mluhya mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa anaongea zaidi na chupa kuliko na watu. "Suuza mara tatu, Ekiru," alisema, "na usuuze kwa maji yale yale unayokuja kuchukua. Ya kwanza inatoa vumbi. Ya pili inatoa maji ya jana. Ya tatu ndiyo inaifanya chupa iwe ya kisima hiki." Andika kwa penseli, kwa sababu wino hulia ukilowa. Andika kwenye mwili wa chupa, usiandike kwenye kifuniko.

Hilo la kifuniko nililipuuza mwaka wangu wa kwanza. Nilirudi kutoka Garbatulla na chupa ishirini zilizoandikwa vifuniko, nikazifungua zote pamoja nizipime, na vifuniko vikachanganyika. Nilidhani Mzee Barasa atacheka. Alizimwaga zote kwenye sinki, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Rudi."

"Mzee, ni siku mbili kwenda na kurudi."

"Ulipokuwa unaandika vifuniko zilikuwa siku ngapi?"

Nikarudi. Nilimchukia kutoka Isiolo mpaka Garbatulla, na nikamchukia tena kurudi. Leo natamani angekuwa hai miaka ile mingine. Alikuwa amestaafu na kufariki kabla pipa la bluu halijafika Sericho, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuniambia rudi.

Mwangalizi wa pipa alichaguliwa na wanawake wenyewe. Aliitwa Mama Talaso, kwa jina la binti yake aliyekuwa mgongoni, wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mama huyu alikuwa na ulimi. Aliposikia kwamba Ekiru ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, alisema mbele ya foleni nzima, "Basi wewe mvua ya namna gani? Kila mwezi unakuja na chupa tupu kuchukua maji yetu."

Alikuwa na mtungi mdogo wa manjano wenye kitambaa chekundu kwenye mshikio. Huo ulikuwa wa Talaso peke yake. Watu wazima wa nyumbani walikunywa maji yoyote, lakini mtoto alikunywa ya pipa tu, hata foleni ya lile bomba jembamba ikawa ndefu mpaka jua la saa sita. Wanawake wengi walichoka wakarudi kwenye bomba la mifugo linalotoa kwa nguvu maji yasiyochujwa. Yeye hakurudi. Alikuwa amewaambia wenzake wazi kwamba mtoto wake atakuwa na meno meupe kama watu wa mlimani, ambako maji hayana floridi, na wakimwona akicheka watajuta. Nilimfundisha kusuuza mara tatu, akashika. Halafu aliufukiza mtungi kwa moshi, kama wanavyofukiza vyombo vya maziwa. Nilimwambia moshi hauna kazi hapo.

"Fundi," akasema, "wewe una mara tatu yako, mimi nina moshi yangu."

Kila nikichukua maji aliweka kidole gumba kwenye daftari langu, chini ya jina lake, kuthibitisha kwamba nimefika. Daktari ndiye aliyetaka hivyo. Nilibeba kidau kidogo cha wino kwa kazi hiyo.

Mwezi wa tano wa pipa, mvua ilikata njia. Nilifika Garbatulla, lori likasimama mbele ya lagha iliyojaa maji ya udongo, nikangoja siku mbili, nikarudi mjini. Daktari alikuwa anangoja namba za Jumatatu, za kuwaonyesha wafadhili. Ningeweza kumwambia njia imekatika. Hilo lilikuwa neno rahisi kabisa, na la kweli. Lakini nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na mtungi wa lita ishirini wa maji ya Sericho yasiyochujwa niliouleta mwezi uliopita kwa majaribio, na kando yake ndoo niliyoitengeneza kuwa kichujio kidogo, yenye makaa mapya. Nikajaza chupa moja kutoka mtungini. Nikapitisha kiasi kwenye ndoo, nikajaza ya pili. Nilizisuuza mara tatu kila moja. Nawaambieni haya ili mjue mtu anaweza kufuata utaratibu wote wa kazi na bado asiwe anafanya kazi.

Namba zilitoka nzuri. Daktari akafurahi.

Mwezi uliofuata njia ilikuwa imekauka. Hapa sina mvua ya kujifichia. Kulikuwa na harusi ya shemeji yangu, nikasema mwezi mmoja tu. Uliofuata hapakuwa na harusi. Kulikuwa na kiti changu, kivuli cha ukuta wangu, na ule mtungi. Lori la Sericho lilipiga honi barabarani nikalisikia likipita.

Na vidole? Mnajiuliza kuhusu vidole. Nilikuwa na kidau cha wino, na nilikuwa na kidole gumba. Niliweka changu chini ya jina lake.

Daktari alibandika grafu ukutani. "Tazama, Ekiru," alisema, "mstari umenyooka kama reli. Makaa haya hayachoki." Ni kweli yalikuwa hayachoki. Yalikuwa yanachuja lita mbili kwa mwezi nyuma ya nyumba yangu. Vipimo vile vilikuwa sahihi kabisa, vya kichujio ambacho hakuna mtoto aliyekunywa kwake.

Mtungi ulipokaribia kuisha nilikwenda Sericho. Ndiyo, nilichofuata kule ni maji mengine ya kudanganyia. Nilikuwa na kile kisanduku chetu cha kupimia kwa rangi: unatia matone, maji mazuri yanabaki waridi, mabaya yanageuka njano. Nilijificha nyuma ya tangi la kisima na kikombe cha maji ya pipa. Yaligeuka njano mbele ya macho yangu, haraka, kama uso wa mtu aliyeshtuliwa. Pipa lilikuwa limekufa. Lini, sijui. Labda mwezi wa sita, labda wa nane. Aliyetumwa kujua alikuwa nyumbani.

Nilipotoka nyuma ya tangi nilimkuta Mama Talaso na ule mtungi wa kitambaa chekundu. Mtoto sasa alikuwa anatembea, ameshika gauni la mama.

"Salaam aleikum, fundi. Umepotea sana."

"Kazi, mama."

"Hii maji bado ni mzuri?"

Ilikuwa saa nne asubuhi. Wanawake kama kumi walikuwa kwenye foleni. Kusema si mazuri kulimaanisha kueleza nimejuaje, na tangu lini, na ni vidole vya nani vilivyo kwenye daftari. Nilifikiria haya yote kwa muda ambao bomba lile lilitoa matone matatu.

"Mazuri, mama. Mpe mtoto."

Alinisaidia kujaza mtungi wangu wa lita ishirini. Alipoona nahangaika kuupandisha kwenye lori aliunyanyua yeye mwenyewe, akauweka, akaufunga kamba usimwagike njiani. Akasema, "Chunga maji yetu."

Makaa yalibadilishwa miezi kadhaa baadaye, kwa ratiba, pipa lilipofikisha mwaka mmoja na nusu. Kikundi kilipewa cheti, kikaandikwa vizuri magazetini, na mimi nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani na hotuba iliyosema Ekiru hajawahi kukosa mwezi.

Saa hiyo ilikuwa juu ya kichwa changu siku mliponitumia yule mwenzenu. Alibisha lango mchana, msichana mrefu wa miaka ishirini na kitu, amevaa mtandio, na kompyuta begani. "Mzee Ekiru, shikamoo. Ni Talaso. Wa Sericho. Mama alisema lazima nikusalimie kabla ya kukuuliza chochote."

Nilimkaribisha. Alieleza kwa furaha kwamba mnataka kuweka mapipa kama lile kwenye shule za chekechea kule Oldonyiro, na kwamba mtabadilisha makaa kila baada ya mwaka mmoja na nusu, kwa kufuata mstari wangu, ambao bado uko ukutani. Alitaka tu daftari za zamani, za kuthibitisha. Akasema kitu kuhusu walinzi na ile chai ya gesi ya tope, tukacheka wote, na akicheka alivuta mtandio mdomoni.

Ulimi wangu ukateleza. "Binti yangu, mbona unaficha mdomo?"

Akautoa mtandio. Meno yalikuwa ya kahawia, yenye mistari, kama mbao zilizonyeshewa.

"Shuleni waliniita Chai ya Rangi," alisema. "Nimezoea, mzee. Mama ndiye hajazoea. Walimsema sana pale nyumbani. Eti alijigamba bure, kumbe alikuwa mvivu wa foleni, ananichotea ya ng'ombe akisema ni ya pipa. Mpaka leo akipita wanamwuliza, meno meupe yamefika? Mimi nilikuja kusomea haya mambo kwa sababu hiyo. Nataka kujua nilipata wapi, kama nilikunywa ya pipa tu. Ama mama alinidanganya?"

Alikuwa ananiuliza kweli. Aliniuliza kama fundi.

Nikamwambia daftari nitazitafuta. Nikammiminia chai. Nilimsindikiza mpaka langoni, nikafunga komeo.

Uvivu ulikuwa wangu, na mwanamke yule alikuwa ameubeba miaka kumi na tano kama jina lake.

Daftari hazikuhitaji kutafutwa. Zilikuwa ndani ya sanduku, chini ya suti ya kanisani. Niliposhika lile la Sericho niliona jambo ambalo Mzee Barasa angeliona akiwa mlangoni: kurasa za kwanza zina vumbi jekundu kwenye mshono, alama za maji, mafuta ya lori, na alama ndogo ya kidole gumba yenye kovu katikati. Halafu kurasa zinakuwa safi, na alama ya kidole inakuwa kubwa.

Siku ya nne nilimpigia Talaso. Nilimwomba aje, nikamwambia yote, tukiwa tumesimama, kwa sababu niliogopa kuketi mbele yake. Hakulia. Aliuliza maswali ya kazi: mwezi gani, maji gani, ndoo ilikuwa na makaa kiasi gani. Aliandika kwa penseli. Mwishowe akafunga kitabu chake.

"Utamwambia mwenyewe," alisema. "Mimi sitakubebea hiyo."

Kwa hiyo nilipanda lori tena, na magoti haya, Talaso kando yangu. Mama Talaso alikuwa kivulini mwa nyumba yake, nywele zimeanza kuwa nyeupe chini ya shuka, ulimi uko palepale. "Mvua imekuja," alisema, "na leo hata chupa haina!"

Nilimwambia. Nilieleza mtungi, ndoo, kikombe kilichogeuka njano, na neno nililomjibu. Nikafungua daftari. Alilivuta kwake, akaweka kidole chake juu ya alama yangu ya kwanza, kisha ya pili, akafuata ukurasa baada ya ukurasa, mpaka ule wa mwisho. Kidole chake kilipotea ndani ya alama zangu kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba.

"Mimi nilikufungia kamba," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilimpiga huyu." Alimwonyesha Talaso. "Meno yalipotoka. Nilidhani anakunywa ya ng'ombe akiwa na watoto wengine, ananificha. Nilimpiga."

Nilisema nisamehe, likatoka dogo, na yeye hakuliokota. Alinyanyuka, akajifunga shuka vizuri.

"Wewe ulinifundisha mara tatu," alisema. "Hii ilikuwa moja. Twende."

Tulikwenda kisimani. Pipa la bluu limepasuka siku nyingi, wameweka jipya. Foleni ilikuwepo, na ndani yake wale waliokuwa vijana wakati ule, sasa mama na bibi. Aliwanyamazisha kwa mkono, akanisimamisha mbele yao.

"Sema tena. Hawa hawajasikia."

Nikasema tena, kwa sauti, jua kichwani, mtu mzima mwenye mvi. Mwanamke mmoja akauliza, "Kwa hivyo hakuwa mvivu?" Nikajibu kwamba hakuwa mvivu, kwamba hakukosa foleni hata siku moja, kwamba mvivu alikuwa mimi. Hakuna aliyenitukana. Mmoja aliinamisha uso, akamsogezea Mama Talaso mtungi wake apite mbele kwenye foleni. Mama Talaso hakupita. Alikwenda akasimama mwisho, kama siku zote.

Nilipokuwa napanda lori nilimwuliza Talaso kama mama yake atanisamehe. Alisema hajui, na kwamba hilo si la kupimwa. Alisema vilevile kwamba mstari umeshuka ukutani. Ameufuta kwa kifutio kuanzia mwezi wa tano, akaacha pengo, na mapipa ya Oldonyiro yatapimwa kila mwezi, chupa mbili, mpaka mjue wenyewe makaa hushiba lini. Mtu wa kwenda atakuwa yeye.

Halafu akafungua begi, akanipa penseli.

"Mama anasema bado moja," alisema. "Anasema ya tatu iandike, isomwe na watu ambao hawakujui."

Picha ya utepe nimewarudishia ndani ya bahasha, pamoja na daftari. Hii ndiyo ya tatu.